Tukikubeba Sasa, Utafika Wapi?

Nilikuwa muuguzi katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya Cyangugu, mahali ambapo siku hizi watu wanapaita Rusizi, katika miaka ile ambayo Kongo ng'ambo ya mto ilikuwa inawaka moto. Nataka kueleza jinsi mtu niliyemwita kaka alivyonigeuka. Lakini siwezi kuanzia hapo. Inabidi nianze na namna watu wetu wanavyoumwa, maana ni hapo hapo aliponigeuka.

Watu waliovuka daraja kutoka Bukavu waliumwa kwa sauti. Mtu ameingia na risasi ya paja, anamwita mama yake, anamwita Yesu, anamtukana dereva aliyemleta kwa sababu ya mashimo ya barabara. "Batu ya Mungu, munaniangalia tu? Nakufa!" Alianza kupiga kelele hata kabla hujamgusa, na ulipomgusa alikuonyesha kwamba zile za kwanza zilikuwa za mazoezi. Watu wa vilima vya huku, wa Gashonga, wa Nyakabuye, wao waliumwa kimya. Analetwa mtu ameangukiwa na mti, mguu umegeuka unatazama nyuma. Unamuuliza kama anaumwa, anakujibu kwa adabu kwamba si vibaya sana. Kisha yeye ndiye anakuuliza umeamkaje, na watoto hawajambo.

Mimi ni wa pande zote mbili. Nilizaliwa Bukavu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko wakiwa vijana, na huko ndiko nilikosomea uuguzi. Baada ya mauaji na vita vya huku kwisha tulirudi, mama na mimi. Baba tulimwacha kwenye makaburi ya Bukavu. Mama alikwenda kulima Gashonga, kwenye kilima cha wazee wake, nami nikapata kazi hospitali. Nikijikwaa kidole cha mguu, jirani wa tatu anajua. Mama akijikata na jembe, analiomba radhi jembe.

Kwenye kabati letu, kwa ajili ya maumivu, tulikuwa na vidonge vya parasetamoli, tulikuwa na sindano za diklofenaki, na tulikuwa na neno moja la Kinyarwanda, *ihangane*, yaani jikaze. Ihangane ndiyo haikuwahi kutuishia. Morfini tuliiona kwa nadra, chupa chache ambazo daktari wa upasuaji alizikalia kama kuku wa mayai. Mtu wa chumba cha dharura alipewa diklofenaki na neno la faraja, kisha tulimshika wawili au watatu, tukanyoosha mfupa.

Ndipo akaja daktari wangu. Nasema wangu kwa sababu tulikua pamoja Bukavu, mtaa wa Kadutu, uani kwetu. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba yake alikuwa mtu wa safari, basi mama yangu akamwongeza kwenye sinia yetu bila kuuliza mtu. Alimwita Maman kama mimi. Alipofaulu kwenda kusoma Ulaya, mama alimfungia sambaza wakavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye gazeti, na yeye akawabeba kweli, akanuka samaki ndege nzima. Hadithi hiyo aliipenda kuisimulia. Aliporudi, tayari ni daktari mkubwa wa majeraha, alirudi na masanduku ya dawa na jambo la kufanya.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Majeruhi wakiletwa, wengine wapewe morfini na wengine wapewe diklofenaki, kwa bahati nasibu, kisha kila mmoja aulizwe maumivu yake yamefika wapi, ili ijulikane ni dawa gani inayomfaa mtu aliyeumia kwenye hospitali kama yetu. Sindano zilikuja zimeshaandaliwa. Nyingine zina kibandiko cha kijani, nyingine cha manjano, na sisi tuliochoma hatukuambiwa ipi ni ipi, ili tusiipendelee dawa wala mtu. Nililiona ni jambo zuri. Hata leo, pamoja na uchungu wangu, naliona lilikuwa jambo zuri.

Jumapili ya kwanza nilimpeleka Gashonga kwa mama. Mama alisonga bugari, akapika sombe, yale majani ya muhogo, na sambaza. Tukiwa tunakula nikamuuliza kaka yangu: ikionekana ile kali ndiyo bora, halafu inakuwaje? Inarudi ilikotoka?

Aliacha kutafuna. "Itabakia hapa, dada. Minaapa mbele ya bugari ya Maman. Ikishinda, haitatoka tena kwenu. Njo maana nilikuya."

"Usiape na chakula, mwana," mama alisema. "Kula."

Kuanzia siku ile nilitaka kitu kimoja tu maishani: dawa ile kali ibaki kwenye kabati letu. Mwingine alitaka nyumba ya mabati, mwingine alitaka mume. Mimi nilitaka siku moja nimshike mtu aliyevunjika paja nikiwa na kitu mkononi zaidi ya neno jikaze. Na kwa sababu nilikitaka hivyo, niliisambaza ahadi ile. Watu walikuwa na wasiwasi na sindano za rangi, na nani angewalaumu? Walishaona mengi kutoka kwa watu waliokuja na maelezo mazuri. Niliwaambia majeruhi, niliwaambia ndugu zao waliokaa nje kwenye majani, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili: kubalini, maana ile itakayoshinda itabaki ni yetu. Walikubali kwa sababu ni mimi niliyewaambia.

Shida ikaja kwenye vidole. Daktari alitufundisha kumwambia mgonjwa aonyeshe maumivu kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vyote kumi ni maumivu ambayo hayana mfano. Mtu wa Bukavu hakuhitaji kurudiwa. Kuna mama mmoja mfanyabiashara, aliyepigwa na kipande cha bomu begani, alinyoosha vyote kumi kisha akaniambia, "Maman, leta na ya kwako, yangu haitoshi." Lakini watu wa vilima! Mmoja baada ya mwingine, kidole kimoja, vidole viwili. Wa tatu alikiinua chake kwa haya, ungedhani anaomba chumvi kwa jirani.

Akaletwa mzee mmoja wa Nyakabuye, lori la saruji lilikuwa limempanda mguu. Nisielezee ule mguu. Mzee alinyoosha kidole kimoja, akakitazama, akaongeza cha pili kwa aibu, kama mtu aliyejipakulia sana. Shuka alilolalia lilikuwa limelowa jasho, mpaka godoro. Mimi na daktari tukatazamana.

Tulitoka nje kuwauliza waliomleta. Walikuwa wamejilaza kwenye majani kando ya ngobyi yao. Ngobyi ni machela ya kusuka, yenye miti miwili ya kubebea mabegani, na siku zile kila kilima kilikuwa na yake. Majirani waliibeba kwa zamu, na mtu aliyekutana nayo njiani alitakiwa aweke chini mzigo wake, atoe bega, asaidie mpaka mahali fulani. Mmoja wa wabebaji alituambia kwamba mzee aliwachelewesha. Kila kona alisema, vijana, pumzikeni, mmechoka.

"Na mulikuwa mumechoka?" daktari aliuliza.

"Hata," alisema yule mtu. "Tulipumzika tu."

Hapo daktari akapiga paja lake, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Kumbe! Njo vile Maman anasemaka!" Na kweli, sote wawili tulilijua hilo tangu utotoni. Mtu aliyebebwa kwenye ngobyi hasemi anaumia. Watu wameacha mashamba yao kwa ajili yake, atawalilia vipi tena? Anasema nyinyi mmechoka. Nao wanajibu ndiyo, tumechoka kweli, wanamlaza chini taratibu, wanatazama pembeni mpaka apate pumzi. Halafu yeye ndiye anasema, haya, kama mmepata nguvu twende. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Ndiyo adabu yenyewe.

Swali lilikuwa lake daktari. Simnyimi haki yake. Alirudi ndani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mzee, akauliza: "Mzee, tukikubeba sasa, utafika wapi kabla ya kuwaambia watu wapumzike?"

Mzee alifikiri. Hilo lilikuwa swali la heshima, lilihusu mabega ya watu. "Labda hapo mlangoni," alisema.

Tukamchoma sindano, ilikuwa ya kijani. Tulipomuuliza tena baadaye, kwa vidole alionyesha viwili, kama mwanzo tu. Lakini kwa ngobyi alisema, "Sasa? Sasa wanaweza kunifikisha sokoni Kamembe, labda na kupita." Kisha akalala, mdomo wazi. Mkewe akaanza kulia, kwa sababu toka ajali alikuwa hajamwona akifumba macho.

Basi tukauliza kila mtu maswali yote mawili, la vidole na la ngobyi, na majibu yote mawili tuliyaandika. Wenzangu walilipenda swali la ngobyi. Hata Wakongo walilipenda, ingawa majibu yao yalikuwa yao. Yule mama wa jeraha la begani alisema yeye akibebwa na Wanyarwanda atafika mbinguni moja kwa moja.

Haukupita muda mrefu tukajua rangi ipi ni ipi. Hakuna aliyetuambia, ila hatukuwa vipofu. Wa manjano walioteguka kifundo au kuvunjika kiwiko walipata nafuu, tena nzuri, sikatai. Na kijani nayo ilikuwa na visa vyake: watu walitapika, walijikuna, na ilibidi ukae umtazame mtu anavyopumua, usiende kupiga soga. Kwa majeraha madogo ningekuchoma ya manjano bila kusita. Lakini paja, risasi, mtu aliyeungua, mguu chini ya lori, hao manjano iliwaacha mlangoni. Wa kijani walifika sokoni, walifika njia panda, wengine walifika nyumbani kwao wakasalimia. Na vidole vyao, wa kijani na wa manjano sawasawa, vilikuwa viwili, kimoja, viwili, kimoja. Vita vilifunga daraja mara kwa mara, Wakongo wakawa wachache, na wengi wa wagonjwa wetu walikuwa watu wa vilima. Ukisikiliza vidole peke yake, ungesema dawa hizo mbili ni mapacha.

Siku ya matokeo walikuja wageni kutoka mji mkuu, pamoja na wale waliolipia kazi yote. Nilivaa kitenge changu cha harusi za watu, nikakaa safu ya mbele pamoja na wauguzi wenzangu. Tulikuwa na furaha. Nilikuwa nimeshasafisha rafu kwenye kabati, ile ya katikati, kwa maji na sabuni.

Kaka yangu alizungumza Kifaransa kizuri mno. Alionyesha michoro ukutani. Alisema majeruhi waliulizwa maumivu yao kwa vidole, kabla ya dawa na baada ya dawa. Alisema tofauti iliyoonekana ni ndogo. Alisema kwa hospitali kama hizi zetu, dawa ya kawaida inatosha.

Nilingoja. Nilidhani sasa atasema "lakini". Alikunja karatasi zake.

Nikainua mkono. "Docta, na ngobyi?"

Aliwageukia wageni kwanza, akatabasamu. Akasema muuguzi wetu anazungumzia desturi moja ya kupendeza ya wenyeji. Wageni wakacheka kwa upole, wauguzi wenzangu wakatazama chini. Desturi ya wenyeji! Yeye aliyelelewa ndani yake, aliyepiga paja na kucheka, aliyelitunga lile swali kwa mdomo wake! Nilikaa pale masikio yananiwaka.

Nilimkamata uani, karibu na gari la wageni.

"Uliapa," nilisema.

"Dada, sikiliza. Bale benye kulipa balitaka jibu moja tu. Ile ya kawaida inatosha ao haitoshi? Ngobyi nitaiweka namna gani mu karatasi yao? Batanicheka."

"Walinicheka mimi. Ulikuwa unatabasamu."

Alitazama gari, kisha akashusha sauti. "Balinipatia kazi Kigali. Kazi kubwa. Nikianza kubishana nao sasa..." Akatazama gari tena. "Na weye utapata faida. Nikiwa kule juu, sitakusahau."

Nimesalitiwa mara nyingine maishani, na wanaume, na majirani, na serikali mbili. Hakuna iliyoniuma kama hiyo. Mtu asiyejua anaweza kusamehewa. Huyu alijua. Aliijua ile lugha ya kimya kama alivyojua jina la mama yangu, na aliinyamazisha mbele za watu kwa sababu haikumfaa. Alikuwa amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kupitia kwangu aliwapaka watu wote waliojilaza kwenye yale majani wakiamini maneno yangu.

Maana walianza kurudi. Yule mzee wa lori la saruji alirudi kusafishwa kidonda, akaniuliza kwa unyenyekevu kama ile ya kijani bado iko. Nikamwambia haipo. Hakuniuliza ahadi imekwenda wapi. Alisema asante, akafumba macho, akasubiri niguse kidonda. Ningefurahi kama angenitukana.

Kumbe masanduku ya sindano yaliyobaki yalikuwa bado yapo. Yalifungiwa kwenye chumba cha dawa, ufunguo mfukoni kwa daktari, yakisubiri gari la kuyarudisha. Niliyapita kila siku. Tulikuwa hatusemezani tena, mimi na yeye, zaidi ya bonjour.

Asubuhi moja, mvua imetoka kukatika, ngobyi ikapanda njia ya hospitali. Nilikwenda kuipokea kama ninavyozipokea zote. Nikaona kwanza kitenge cha kijivu chenye ndege, na kile kitenge nilikinunua mimi.

Mama alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya udongo, kwenye shamba la migomba, na mkungu mzima kichwani. Paja lilikuwa limevunjika. Liliinuka mahali ambapo paja haliinuki. Majirani zake wa Gashonga walikuwa wamelowa mpaka kiunoni. Niliwauliza safari ilikuwaje. Mkubwa wao aliangalia pembeni.

"Tulichoka sana, binti," alisema. "Tulipumzika kila mahali."

Wanaume wenye mabega kama yale. Nilielewa.

Nilimchoma mama diklofenaki mwenyewe. Nikasubiri ifanye kazi. Alilala amenyooka, macho kwenye dari, akiwauliza majirani kama wamepata uji. Mdomo wake ulikuwa umekauka mpaka umepasuka, na vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja ndani ya matope. Nilipomfuta matope, nilisikia mwili wote unatetemeka, kidogo kidogo, bila kuacha.

Nilikimbia ofisini. Daktari alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye sanduku.

"Ni Maman," nilisema. "Paja."

Alitupa kitabu, akakimbia. Nasema ukweli, alikimbia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono, akamwita Maman, akamwambia ihangane, na sauti yake ilikuwa na machozi. Kwa muda ule mfupi nilimsamehe kila kitu. Nilikuwa nimeshanyoosha kiganja changu kwa ajili ya ufunguo.

Kisha akasema, "Maman, unionyeshe na vidole. Inauma namna gani?"

"Usimuulize vidole," nilisema.

Hakunitazama. Mama alimtazama yeye. Aliinua mkono kutoka kwenye shuka, polepole, akanyoosha vidole viwili.

"Inauma kidogo tu, mwana wangu. Docta mukubwa kama weye, usisumbuke na miye. Ulikula?"

Daktari akasimama, akajifuta magoti. "Unaona?" aliniambia. "Ile ya kawaida inamusaidia."

"Muulize ngobyi. Nakuomba, muulize ngobyi."

"Dada, nikifungua sanduku kwa Maman, kesho nitafungua kwa batu bote."

"Fungua kwa batu bote!" Nilipiga kelele, Ukongo wangu wote ulitoka. Wagonjwa waliinua vichwa. Nikamgeukia mama. "Maman, lia! Piga kelele, umuambie! Lia mbele yake!"

Mama alinikazia macho kama zamani nilipoongea na chakula mdomoni. "Miye nilie mbele ya mutoto niliyemulisha? Utaniletea haya, mwana. Nyamaza."

Na daktari akaondoka. Aliondoka akiwa na vile vidole viwili. Alikuwa amemuuliza mama yangu swali ambalo alijua jibu lake kabla ya kupiga magoti, na alimuuliza kwa sababu alilijua. Sikuamini kwamba mtu anaweza kuichukua adabu ya mama aliyemlea na kujificha nyuma yake.

Niliinama karibu na sikio la mama. "Maman, bakikubeba sasa, utafika wapi?"

Aligeuza macho kuelekea mlangoni. "Alienda?"

"Alienda."

"Basi basinishike, mwana wangu. Ata shuka, basiivute."

Lakini ilikuwa lazima ashikwe. Picha ya mfupa ilipigwa kwenye jengo la ng'ambo ya uwanja, na kitanda chetu cha magurudumu kilikuwa kibovu. Wabebaji walikuwa wameshakaa sana, wamekunywa uji, wamekauka nguo. Walimhamishia kwenye ngobyi kwa mikono mingi na taratibu zote walizonazo. Mama hakutoa sauti. Waliinua, wakapiga hatua chache, na kabla hata miguu yake haijatoka kwenye mlango wa chumba, nilimsikia akiwaambia kwa ile sauti yake ya kukaribisha wageni:

"Vijana, pumzikeni. Mmechoka."

"Ndiyo, mama," alisema mkubwa wao. "Tumechoka kweli."

Wakamlaza kwenye kizingiti.

Daktari alikuwa pale barazani, sanduku la vitabu miguuni, anasubiri gari. Alisikia. Hapakuwa na mtu mwingine katika hospitali ile, ukinitoa mimi, aliyesikia maneno yale kama alivyoyasikia yeye. Nilimtazama, na mkono wake ukaenda mfukoni, nikausikia ufunguo ukigusana na mwingine. Nilishika mti wa ngobyi nikangoja.

Mkono ulitoka mtupu. Akainama, akasogeza sanduku lake ukutani, ili wabebaji wapate mahali pa kukaa.